Uzi: Riwaya za watoto na vijana zilizotoka kwenye milima na maziwa ya Wales

Msomaji wa Usiku

Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita, kwenye uzi wa vitabu vya watoto, dada mmoja aliuliza kama kuna riwaya za watoto za Ulaya zilizojengwa juu ya ngano za kale lakini hazina yale mambo ya binti mfalme, kasri na kiatu. Nilimjibu kwa mstari mmoja: tafuta vitabu vya Wales. Tangu siku hiyo PM hazijakauka, kwa hiyo nashusha uzi kamili. Nitaandika kwa vipande, naombeni uvumilivu.

Nianzie ufukweni, maana ndiko nilikoanzia mimi.

Nilisoma miaka miwili Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, ndiko iliko Maktaba yao ya Taifa. Asubuhi moja ya Februari jirani yangu wa bwenini, kijana mzaliwa wa huko huko, alinigongea mlango akaniambia nivae viatu vya mpira. Leo bamvua, maji yatakupwa kuliko kawaida, twende Borth. Treni haikumaliza hata robo saa. Tukashuka, tukavuka barabara, tukapanda tuta la mawe, na mbele yetu mchangani palikuwa na visiki. Vingi, vyeusi, vimetapakaa hadi maji yalipoishia. Niliinama nikashika kimoja. Kilikuwa laini kama sabuni iliyosahaulika ndani ya beseni, ukikibonyeza kucha inazama, na chini yake mizizi bado imeng'ang'ania udongo mweusi wa msituni. Ni mialoni, misonobari na miti mingine iliyokufa kati ya miaka 4,500 na 6,000 iliyopita, bahari ilipopanda.

Mwenzangu hakunisimulia hivyo kwanza. Aliniambia hapa ndipo ilipokuwa Cantre'r Gwaelod, nchi tambarare yenye rutuba iliyolindwa na kuta na malango ya maji. Mlinzi wa malango, Seithennyn, alilewa usiku wa karamu akayaacha wazi. Bahari ikaingia. Ukitulia usiku utasikia kengele zikilia chini ya maji. Baadaye nilikuta kwamba shairi la zamani zaidi kuhusu kisa hiki, lililomo kwenye Kitabu Cheusi cha Carmarthen cha karne ya 13, linamtaja mwanamke aitwaye Mererid, mlinzi wa kisima, na lawama linamtupia yeye. Hadithi imebadilika karne hata karne, ila visiki vipo pale pale.

Hicho ndicho ninachotaka mkishike kabla sijataja kitabu hata kimoja. Kule ngano haielei hewani. Ukiuliza yalitokea wapi, mtu anakuonyesha kwa kidole: ni ziwa lile, jiwe lile, mlima ule. Mlima wao mrefu kuliko yote, Yr Wyddfa, mita 1,085, jina lake lenyewe lina maana ya kaburi, na wanasema aliyezikwa juu yake ni Rhita, jitu lililovaa joho la ndevu za wafalme liliowashinda. Waandishi bora wa watoto waliochota huko hawakusimulia ngano upya tu. Waliichukua familia ya leo, wakaiweka karibu na jiwe lile, halafu wakaiacha ngano itokee tena.

Msomaji wa Usiku

Kipande cha pili, mzizi wenyewe.

Ngano nyingi ninazozungumzia zimo kwenye mkusanyo uitwao Mabinogi. Zilisimuliwa kwa mdomo muda mrefu, halafu zikaandikwa kwenye miswada miwili mikubwa: Kitabu Cheupe cha Rhydderch, katikati ya karne ya 14, na Kitabu Chekundu cha Hergest, kilichokamilika mwanzoni mwa karne ya 15. Zina matawi manne. Nitawasimulia kisa kimoja tu cha tawi la nne, kwa sababu kimezaa riwaya ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Kijana Lleu alilaaniwa na mama yake mzazi asipate mke katika wanadamu. Wachawi wawili, Math na Gwydion, wakakusanya maua ya mwaloni na maua ya porini wakaumba mwanamke. Wakamwita Blodeuwedd. Hakuna aliyemuuliza kama anamtaka Lleu. Akaja kumpenda mtu mwingine, Gronw, wakapanga kumuua mume. Lleu alichomwa mkuki akageuka tai akaruka. Gwydion akamtafuta mpaka akampata na kumrudishia umbo lake, halafu akamwadhibu Blodeuwedd kwa kumgeuza bundi, ndege anayechukiwa na ndege wengine wote. Gronw naye akaomba aweke jiwe kati yake na mkuki wa Lleu. Akaruhusiwa. Mkuki ukatoboa jiwe na mtu. Karibu na mto Cynfal kuna jiwe lenye tundu linaloitwa Llech Ronw, jiwe la Gronw.

Mwaka 1967 Alan Garner alitoa The Owl Service. "Service" hapo ni seti ya vyombo vya mezani. Watoto watatu wako bondeni wakati wa kiangazi: Alison na Roger, Waingereza, ambao wazazi wao wameoana karibuni, na Gwyn, Mwelshi, mtoto wa mpishi wa nyumba hiyo. Darini kunasikika makwaruzo. Gwyn anapanda, anakuta sahani zimepangwa, zina nakshi ya maua. Alison anaichukua nakshi kwenye karatasi, anakata, anakunja, na karatasi zinakuwa bundi. Halafu nakshi inapotea kwenye sahani. Sahani inabaki nyeupe tupu.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikawasha taa ya ukumbini. Sisi bundi tunamjua. Akilia juu ya paa la nyumba ya mgonjwa hakuna anayeuliza maana yake. Lakini Garner anauliza swali ambalo ngano haikuuliza: yule mwanamke aliumbwa kwa maua, kwa nini mnamlazimisha kuwa bundi? Bonde lile limejaa nguvu yake, na kila kizazi watu watatu wanaingia kwenye mtego ule ule. Kitabu kilipata medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Uingereza. Kinawafaa kuanzia miaka 13 hivi, maana maelezo ni machache na mazungumzo ni mengi. Kisome taratibu.

Mama wa Wanne

Asante mkuu, nimesoma yote. Ila nina swali la wazi. Hayo majina mwanangu atayasomaje? Mimi mwenyewe hapo kwenye Blodeuwedd nimeruka.

Msomaji wa Usiku

Mama, hapo ndipo sisi tuna bahati kuliko msomaji wa London. Sikiliza.

Dd ya Kiwelshi ni dh yetu ya dhahabu, ile ile. Th ni th ya thelathini. Ch ni kh ya kheri kama wanavyoitamka Pwani. Ng ni ng' ya ng'ombe. F moja husomwa v, ff mbili ndiyo f. W mara nyingi ni irabu u, kwa hiyo jina kama Pwyll unaanza kama unasema "pu". Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Blodeuwedd basi ni "Blo-DEI-wedh". Inayobaki ngumu ni ll tu: weka ulimi kama unataka kusema l, usitoe sauti, puliza hewa ipite pembeni. Mwanao ataipenda kuliko wewe.

Kingine, neno la Kiwelshi hubadilika mwanzoni. Nchi yao ni Cymru, lakini "kwenda Wales" ni i Gymru, na "ndani ya Wales" ni yng Nghymru. Mwingereza akifungua kamusi analia. Sisi tuliokulia na mtu na watu, jicho na macho, tumeshazoea kutazama kichwa cha neno.

Na kuna kitabu kinachofundisha hayo ndani ya hadithi. The Grey King cha Susan Cooper, 1975, cha nne kati ya vitabu vitano. Kijana Will anatoka kuugua homa ya ini, anapelekwa kwa ndugu zao wenye shamba la kondoo karibu na Tywyn akapate nguvu. Anakutana na Bran, mtoto mwenye ualbino, mpweke, anayetembea na mbwa mweupe aitwaye Cafall. Bran anakaa naye akimfundisha herufi moja moja, na hapo urafiki unaanza. Mimi sijaona mwandishi mwingine aliyetumia matamshi ya lugha kama mlango wa kuingilia moyoni mwa mtu.

Mandhari yake ni ya kweli. Juu yao uko mlima Cader Idris, mita 893, ambao wanasema ukilala usiku juu yake utaamka mshairi au mwendawazimu. Kuna mwamba wa ndege, Craig yr Aderyn, ambako minandi wanatagia kilomita kama 10 kutoka baharini kwa sababu zamani bahari ilifika pale, na wao hawajahama. Cooper anavitumia vyote. Ukungu unaposhuka mlimani kwenye kitabu kile, ndio Mfalme wa Kijivu mwenyewe, Brenin Llwyd, jina la kale la ukungu wenye nia mbaya. Kitabu kilipata medali ya Newbery ya Marekani mwaka 1976. Cha tano, Silver on the Tree, kinawapeleka watoto hadi kwenye ile nchi iliyozama niliyoanza nayo.

Tahadhari moja, mama: Cafall anapatwa na jambo baya. Mtoto anayependa mbwa msomee wewe.

Mkwezi wa Kilifi

Kaka nimeingia kimya kimya lakini hapo kwa mbwa umenigusa. Kuna hadithi ya Wales ya mfalme aliyeua mbwa wake akidhani amekula mtoto, kumbe mbwa alimuua mbwa mwitu aliyekuja kumla mtoto. Shuleni tuliisoma kwenye kitabu cha Kiingereza, sikujua ni ya Wales.

Msomaji wa Usiku

Ndiyo hiyo hiyo, ndugu yangu. Mbwa ni Gelert, na kijiji kinaitwa Beddgelert, bedd ni kaburi. Kaburi lipo, watalii wanakwenda. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, na anayetajwa ni mwenye hoteli ya pale. Kisa chenyewe ni cha zamani mno na kimetembea dunia, Wahindi wanacho cha nguchiro na nyoka. Lakini watu wa kijiji wakakipa jiwe, na jiwe likakifanya kiwe chao. Cooper anakijua kisa hicho, na ukisoma yanayompata Cafall utakisikia chini yake.

Mkwezi wa Kilifi

Basi niulize lingine. Hawa watoto wa Wales lugha yao waliruhusiwa kuizungumza? Nauliza kwa sababu shule niliyosoma mimi Kenya tulikuwa na monto. Kipande cha mbao chenye kamba. Ukinaswa unazungumza lugha ya mama unavishwa, unakaa nacho hadi umnase mwenzako. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Nilikivaa darasa la tatu kwa kumwambia mdogo wangu afunge kamba ya kiatu.

Msomaji wa Usiku

Nimesoma post yako mara tatu.

Walikuwa nacho. Kiliitwa Welsh Not. Kipande cha ubao kimechongwa herufi W.N., kinavishwa shingoni kwa mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi, anakipitisha kwa atakayemsikia, na mwisho wa siku aliyenacho anapata fimbo. Karne ya 19, kwenye shule nyingi. Ni kitu kile kile, mpaka kamba.

Na hapo The Owl Service inakuwa kitabu kingine kabisa. Gwyn ana akili kuliko wenzake wote wawili, na amenunua kwa siri santuri za kujifunzia kuzungumza Kiingereza cha wakubwa. Mama yake anamtishia kumtoa shule akafanye kazi dukani. Siri ya santuri inapofika kwa Roger, inageuzwa kichekesho. Hakuna uchawi kwenye ukurasa ule, na ndio unaouma kuliko yote. Ubao ulikuwa umeshaondoka shingoni, lakini mtoto bado anajinyonga nao.

Leo hali ni tofauti. Kiwelshi kinafundishwa shule zote, na sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 wanaokizungumza, asilimia 17.8. Mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya huko iliamua kutumia majina Yr Wyddfa na Eryri, eneo la milima linalouzunguka, badala ya yale ya Kiingereza.

Mzee wa Maktaba

Vijana, mimi nimefanya kazi ya vitabu miaka mingi, na naandika kwa nia njema. Naona hapa wachawi, mashetani ya milimani, wanawake wa maua. Wazazi watauliza, na wana haki ya kuuliza. Tunawapa watoto nini?

Msomaji wa Usiku

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na nitalijibu bila kuliruka.

Kwanza, waliozihifadhi ngano hizi kwa wino ni wanakili wa nchi ya Kikristo. Mkuki uliomchoma Lleu unafuliwa mwaka mzima, na ni wakati wa misa ya Jumapili tu. Msimulizi hakuona mgongano. Lugha yenyewe imesimama kwa sababu kubwa ya Biblia ya William Morgan ya mwaka 1588, na mabonde yamejaa machapeli, makanisa yao madogo.

Pili, ngano hizi hazimpambi mchawi. Gwydion ana uwezo mkubwa na anasababisha maafa makubwa kwa kuutumia anavyotaka. Wale wanaoitwa Tylwyth Teg, ambao Kiingereza huwaita "fairies", wasikudanganye na picha za vijisichana vyenye mabawa. Kwa tabia wako karibu zaidi na majini wa hadithi za Pwani. Wana miji yao, wanaweza kuchukua mtoto, wanaweza kuolewa na mwanadamu kwa masharti. Ziwa la Llyn y Fan Fach lina kisa cha mwanamke aliyetoka ndani ya maji akaolewa na mchunga ng'ombe kwa sharti moja: akimpiga mara tatu bila sababu, anaondoka. Akampiga, vipigo vidogo, karibu vya mzaha. Cha tatu kilipotua, mwanamke alirudi ziwani na ng'ombe wake wote wakamfuata, hata aliyekuwa amechinjwa na kutundikwa. Mtoto anayesikia kisa hicho anajifunza uzito wa mkono.

Tatu, nikupe kitabu chenyewe upime. The Snow Spider cha Jenny Nimmo, 1986. Gwyn (mwingine, jina hili ni la kawaida) anaishi shambani mlimani. Dada yake Bethan alipanda mlima usiku kumtafuta kondoo na hakurudi. Ni miaka minne. Baba hamsemeshi Gwyn vizuri, maana Gwyn ndiye aliyemwomba dada yake aende. Siku ya kuzaliwa kwake bibi yake, Nain, anampa zawadi tano: broshi (ile pini ya pambo ya kuvaa kwenye nguo), kipande cha mwani mkavu, filimbi ya bati, skafu ya njano, na farasi mdogo wa kuchezea aliyeharibika. Anamwambia aupe upepo.

Hebu fikiria mtoto huyo. Amesimama kilimani, ana broshi mkononi, anaona aibu. Anainyanyua. Upepo unaivuta kama mkono wa mtu. Na kinachorudi ni buibui mdogo wa rangi ya fedha, ametua kama chembe ya theluji. Anamwita Arianwen. Kwenye utando wake kuna nchi nyingine inaonekana.

Mzee, kitabu kile kinahusu nyumba yenye msiba ambao haujazungumzwa. Uchawi ni njia ya mwandishi ya kuwafanya baba na mwana wakae meza moja tena. Ndiyo maana nakiweka mbele.

Mzee wa Maktaba

Marahaba. Nimekuelewa. Hicho cha buibui nitakisoma mwenyewe kwanza, kisha nitakwambia.

Dogo wa Gofu

Mkuu mbona hujataja The Black Cauldron? Ile katuni ya Disney. Kaka yangu alikuwa na kanda yake, mimi nilikuwa najificha nyuma ya kochi wale maiti wakitoka kwenye chungu.

Msomaji wa Usiku

Katuni ni ya 1985, na imechota kwenye vitabu viwili vya kwanza vya Lloyd Alexander, Mmarekani aliyepita Wales na jeshi wakati wa Vita vya Pili na hakuisahau. Vitabu ni vitano, 1964 hadi 1968, vinahusu nchi ya kubuni Prydain na kijana Taran, msaidizi wa mchunga nguruwe. Chungu kinachofufua maiti wasio na sauti kimetoka tawi la pili la Mabinogi, kisa cha Branwen. Yumo mpiga kinubi, Fflewddur, ambaye kila akitia chumvi kwenye maneno yake waya wa kinubi unakatika. Watoto wanacheka sana hapo. Cha mwisho, The High King, kilipata Newbery mwaka 1969, lakini mimi nakipenda cha nne, Taran Wanderer, ambapo kijana anazunguka akijaribu kazi ya mhunzi, mfumaji na mfinyanzi, akitafuta kujua yeye ni mtoto wa nani. Katuni haikufika huko.

Na wapenzi wa Howl's Moving Castle, ile filamu ya Kijapani ya 2004: kwenye riwaya ya Diana Wynne Jones ya 1986, Howl ni Howell Jenkins, kijana wa Wales. Kuna mlango wa kasri unaofunguka kwenye nyumba ya dada yake huko. Filamu iliuondoa mlango huo. Soma kitabu.

Mkwezi wa Kilifi

Narudi na jambo moja linanikera. Garner, Mwingereza. Cooper, Mwingereza. Alexander, Mmarekani. Wenyewe wako wapi? Isije ikawa ni yale yale ya mgeni kuja kuchukua hadithi ya bibi yangu na kuiuza.

Msomaji wa Usiku

Nimelisubiri swali hili tangu jana.

Garner alilijua. Kitabu chake kina nyumba inayomilikiwa na Mwingereza, na mtoto wa nchi analala upande wa jikoni. Hakujificha. Lakini kulijua swali si kulimaliza, na ni kweli kwamba majina yaliyofika mbali ni ya wageni kwa sababu waliandika Kiingereza na soko lilikuwa lao.

Wenyewe wapo, na walikuwepo. T. Llew Jones, aliyefariki 2009, aliandika zaidi ya vitabu 50 kwa Kiwelshi, vingi vyake kwa ajili ya watoto: maharamia, majambazi wa barabarani. Kizazi kizima kilijifunza kupenda kusoma kwake. Tangu 1976 wana tuzo yao, Tir na n-Og, ya vitabu vya watoto vya Kiwelshi na vya Kiingereza vyenye maisha ya Wales. Catherine Fisher, mzaliwa wa Newport, ameipata zaidi ya mara moja. Anza na The Clockwork Crow, 2018: msichana yatima Seren anapewa na mtu wa ajabu kituoni furushi lililofungwa kwa gazeti, ndani yake kunguru wa mashine mwenye maneno makali. Anafika kwenye jumba kubwa, mtoto wa nyumba hayupo, na hakuna anayetaka kulitaja jina lake. Theluji inaanguka. Mnajua sasa ni akina nani wamemchukua.

Halafu Manon Steffan Ros. Llyfr Glas Nebo, 2018, aliandika kwa Kiwelshi kwanza, kikapata medali ya nathari kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha lao kubwa la fasihi na sanaa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, The Blue Book of Nebo, na mwaka 2023 kikapata Carnegie, kitabu cha kwanza cha tafsiri kuipata tangu tuzo ianzishwe mwaka 1936. Mama na mwanawe wanabaki peke yao kijijini baada ya maafa ya nyuklia, wanapokezana kuandika kwenye daftari la bluu. Hakuna mchawi humo. Lakini jina limefuata Kitabu Cheusi na Kitabu Chekundu cha wahenga, na kadiri dunia inavyonyamaza ndivyo lugha yao inavyorudi mdomoni. Kijana wa miaka 15 na kuendelea.

Na kuzama kwa nchi kwao si ngano peke yake. Mwaka 1965 bonde la Tryweryn, pamoja na kijiji cha Capel Celyn, shule yake na chapeli yake, lilifunikwa na maji ya bwawa ili Liverpool ipate maji. Ukutani kando ya barabara karibu na Aberystwyth kuna maneno ya rangi, Cofiwch Dryweryn, kumbukeni Tryweryn. Nilipita hapo kwa basi mara nyingi. Mwandishi wa Wales akiandika kengele zinalia chini ya maji, wapo wasomaji ambao kijiji walichozaliwa sasa kiko chini ya maji.

Mama wa Wanne

Wiki tatu zimepita, narudi na mrejesho. Nilipata The Snow Spider cha mtumba, jalada limechanika lakini kurasa zote zipo. Namsomea wa tatu, ana miaka tisa, kwa Kiingereza halafu namweleza kwa Kiswahili. Arianwen tunaitamka vizuri. Tulipofika kwenye farasi, kile kikaratasi cha kusema asipewe upepo, alinishika mkono akasema mama asimtoe. Alipomtoa hakulala mapema siku hiyo. Jana tumemaliza. Ameniuliza kama Bethan atarudi kwenye kingine. Kipo kingine?

Msomaji wa Usiku

Vipo viwili, mama. Emlyn's Moon, 1987, na The Chestnut Soldier, 1989. Hicho cha mwisho msimpe asome peke yake usiku. Farasi anarudi.